Mstari wa Tatu

Massachusetts, 20 Septemba 1951

Mjomba wangu Hirsh,

Mwaka wetu mpya unabisha hodi na mimi sijakuandikia tangu Juni. Nisamehe kabla ya siku ya kufunga na kutubu, maana baada ya hapo utakuwa na haki ya kuninunia mwaka mzima. Sisi hatujambo. Milton bado yuko kiwanda cha saa, macho yamekuwa mekundu kwa kuchungulia vigurudumu. Kikohozi chako kimepungua? Na Yankev, mshirika wako, bado anaimba akikanda unga?

Uliniuliza hiki chuo changu ni kitu gani hasa. Basi keti nikueleze. Kipo juu ya kilima, na mto unapita chini. Zamani palikuwa na chuo cha madaktari wa mifugo kikafilisika, Wayahudi wakakinunua na kila kilichomo, pamoja na ngome ya mawe ambayo ngazi yake moja inapanda na kuishia ukutani. Wanafunzi ni wachache, wote wanaenea katika ukumbi mmoja. Wa kwanza kabisa watahitimu Juni ijayo. Maprofesa wametoka Vienna, Berlin na Warszawa, na hawaelewani hata juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe. Chini ya ardhi, mahali walipokuwa wakipasulia ng'ombe, mkemia mmoja anatafiti damu mchana kutwa na hasalimii mtu.

Kubwa lake ni hili: fomu ya kuomba nafasi haiulizi dini ya baba yako. Unakumbuka Milton alivyotaka udaktari akaambiwa nafasi za Wayahudi zimejaa? Hapa zimejaa za wenye akili tu, basi. Wakristo wapo, na meza ya chakula halali kwa sheria zetu ipo, ingawa ni moja na iko karibu na mlango wenye baridi.

Maktaba yangu ilikuwa zizi la farasi. Usicheke. Kila farasi alikuwa na kibanda chake, sasa falsafa ina kibanda chake na historia chake. Akina mama wa Kiyahudi nchi nzima wanatukusanyia vitabu. Na mwezi ujao yataanza kufika masanduku kutoka Ujerumani, vitabu walivyovipora Wanazi kwenye nyumba na masinagogi yetu. Wenyewe hawapo, warithi hawajulikani, kwa hiyo vinagawiwa vyuoni. Kazi ya kuvifungua nimepewa mimi.

Kuna jambo jingine, ila sitaliandika, kijicho kisije kikaliona. Utalikisia. Usininunulie kitu chochote. La kukuchekesha ni hili: Profesa Saltiel, yule wa Salonika, amepata mtoto wa kiume na kumpa jina la baba yake, na baba mwenyewe yu hai anavuta sigara Marseille! Chuo kizima kimeshika mdomo.

Uandikwe katika kitabu cha uzima, Mjomba.

Gitel


Cleveland, 14 Oktoba 1951

Gitel binti wa dada yangu,

Nimefunga, nimefungua, sijafa. Kikohozi ni kilekile, tumeshazoeana. Yankev anaimba, na wateja wanalalamika.

Nimelikisia jambo lako. Sisemi neno. Nimetema mate mara tatu kufukuza kijicho, yatosha. Kula ini, usibebe masanduku, na huyo mume wako Milton akubebee.

Hicho chuo cha farasi kinanishangaza. Chuo cha Wayahudi, na mtu haulizwi kama ni Myahudi! Yankev anasema Uyahudi wake uko kwenye ugomvi wa maprofesa. Lakini nimewasomea barua yako watu wa sinagogi na wazee wawili wamelia, kwa sababu watoto wao nao waliambiwa zimejaa.

Huyo wa Salonika, mwache na desturi za kwao. Kwetu jina la mtu aliye hai halipewi mtoto. Ni kumwambia malaika wa mauti, huyu tumeshampatia wa kushika nafasi yake, njoo umchukue. Kwa hiyo nakwambia mapema. Akiwa msichana, mpe jina la mama yako, dada yangu Brayne, apumzike kwa amani, miaka saba sasa yuko kaburini bila mjukuu wa kubeba jina lake. Au mpe jina la Dvoyre mke wangu. Dvoyre namwashia mshumaa tangu mwaka arobaini na sita, mtu wa kwetu Grodno aliponiapia kwamba alisikia amefariki ghetoni, mle Wanazi walimowafungia watu wetu, ingawa siku hakuijua.

Jina la binti yangu Pesha usiliguse. Huyo hakuna mtu aliyemwona akifa. Hapa kila mtu amenichosha: rabi, Yankev, mke wa Yankev. Hirsh, sema sala ya wafu upumzike. Nipumzike na nini? Alikuwa na miaka sita nilipoondoka, mwaka thelathini na nane. Leo ana kumi na tisa. Mimi sizungumzii watu walio hai kama wafu.

Kuwa na afya.

Mjomba wako Hirsh


Massachusetts, 2 Desemba 1951

Mjomba mpendwa,

Kimya changu kimekuwa kirefu, najua. Theluji imeanguka mapema, na zizini mna baridi ya kuuma vidole. Milton hajambo. Mimi pia, nimenenepa na natembea kama bata.

Sijui nianzie wapi. Kaa kwanza.

Masanduku yamefika. Kila kitabu nakifungua, natafuta jina, nakiandika kwenye daftari, kisha nabandika lebo isemayo kimeokolewa, mwenyewe hajulikani. Bi Lowenstamm, mkuu wetu, mwanamke wa Breslau, ametukataza kusoma. Anasema ukianza kusoma hutamaliza hata sanduku moja. Wiki tatu zilizopita nilifungua kitabu cha sala cha jalada jeusi, kimeungua pembeni. Kwenye karatasi ya mwanzo imeandikwa: Kalmen Sapirshteyn, mshona glavu, Grodno.

Ni baba mkwe wako, Mjomba. Ni yeye, nimehakikisha. Kaandika ndoa yako na Dvoyre. Kaandika kuzaliwa kwa Pesha, kaongeza, "uso wa bibi yake."

Kwenye karatasi ya mwisho kuna mistari ya misiba. Wa kwanza ni mkono wa Dvoyre: baba yake Kalmen, majira ya baridi ya mwaka arobaini na moja. Wa pili ni mkono wa mtoto. Umeandikwa hivi: "Mama yangu Dvoyre, 2 Shvati 703. Nimeandika mimi Pesha."

Sasa unayo siku ya Dvoyre, Januari ya mwaka arobaini na tatu kwa kalenda ya hapa. Hilo angalau nimeweza kukupa. Nitakuandikia tena hivi karibuni, yapo mengine ya kusema na leo nimechoka.

Nakukumbatia.

Gitel


Cleveland, 6 Desemba 1951

Gitel! Gitel wangu!

Barua yako imefika asubuhi na ninajibu papo hapo, mikono ina unga, samahani kwa karatasi.

Dvoyre nimeshamlilia miaka mitano, na leo nimemlilia tena kwa sababu nina siku. Lakini umeelewa ulichoniandikia? Amekufa mama na Pesha AMEANDIKA. Miaka kumi na moja, peke yake, ameshika kalamu, amekumbuka desturi ya babu yake, ameandika tarehe bila kukosea mwaka. Mtoto wa namna hiyo anajua kujitafutia. Mtoto wa namna hiyo anatoroka!

Nimemwonyesha Yankev. Amesoma mara mbili, akairudisha kwenye bahasha. Nikamwambia, imba basi! Akaniambia, Hirsh, polepole. Mimi nimekwenda polepole miaka kumi na mitatu.

Fikiri na wewe, una elimu. Kitabu kilikuwa Grodno, kimekutwa Ujerumani. Vitabu havina miguu, kuna mtu amekibeba. Watawa waliwaficha mabinti wetu, wakulima waliwaficha, wengine wamekutwa juzijuzi tu hawajui hata majina yao. Nitakwenda huko Ujerumani kwenye ghala yalikotoka masanduku niulize kitabu kimeletwa na nani.

Nitumie kitabu. Na uniambie jambo moja: mstari wake umenyooka? Alikuwa na ugonjwa wa macho. Kama umenyooka, basi macho yalipona.

Nimetoa mikate ya Sabato bure kwa mtaa mzima. Yankev amenuna, mwache anune.

Mjomba wako mwenye furaha,

Hirsh


Massachusetts, 28 Januari 1952

Mjomba wangu,

Natumaini hujambo na kikohozi kimekuachia. Hapa tumefunikwa na theluji hadi madirishani. Milton alianguka kwenye ngazi za kiwandani, si kitu kikubwa, goti tu.

Chuoni kuna hekaheka. Wageni wanaletwa kila wiki waonyeshwe: hapa patakuwa na jengo la sayansi, hapa ukumbi wa muziki, na wageni wanatazama matope. Mkemia wa chini ya ardhi amechapisha utafiti wake na watu wa vyuo vikubwa wamekuja kumwona, yeye kajifungia ndani. Wale watakaohitimu Juni wanabishana juu ya rangi ya joho. Msichana mmoja, baba yake mfagiaji huko Bronx, amepata barua ya kuendelea na masomo ya juu. Aliisoma humu maktabani akaniangukia shingoni, nikalia mimi kuliko yeye. Nalia kwa kila kitu siku hizi.

Kuhusu kitabu, subira kidogo. Si mali yangu. Lazima kamati ya New York inayogawa vitabu hivi ikubali, na kamati ni kamati, unajua. Bi Lowenstamm ni mkali, anafuata kila kanuni. Nimekiweka mahali salama.

Mwandiko wa Pesha ni mzuri.

Nakuomba usiuze kitu, usikate tiketi, usifanye lolote kwa haraka. Ujerumani ni mbali na wewe mapafu yako si mazima. Ngoja mtoto azaliwe. Njoo utuone kwanza, tukae, tuzungumze ana kwa ana.

Leo umeingia mwezi wa Shvati. Utawasha mshumaa wa Dvoyre kesho, najua.

Gitel


Cleveland, 22 Februari 1952

Gitel,

Nimewasha. Asante kwa kunikumbusha, ingawa sikuhitaji kukumbushwa.

Sitakuzungusha. Nimemwandikia huyo Bi Lowenstamm wako mwenyewe, kwa Kijerumani changu cha jikoni. Amejibu kwa siku tano, mwanamke muungwana. Anasema kitabu cha Kalmen Sapirshteyn hakimo kwenye daftari lolote. Anasema hakuna ombi lililopelekwa New York. Anasema ndugu akijitokeza, kitabu hutolewa siku hiyohiyo, na amesikitika kwamba mpwa wangu hakuniambia.

Kwa hiyo umenidanganya. Mimi niliyekufundisha kusoma kwenye gunia la unga, mama yako akiwa kiwandani.

Nimejiuliza kwa nini. Nimefikiri pengine mnataka kukiweka kwenye kabati la vioo, muwaonyeshe wageni wenu: tazameni, kitabu kilichoungua, mwandiko wa mtoto. Yankev ananiambia nisiwaze hivyo. Basi niwaze vipi? Nimekuuliza kama mstari umenyooka, umenijibu mwandiko ni mzuri. Mtu akiuliza mkate umeiva humjibu sahani ni nzuri.

Nimemwuzia Yankev nusu yangu ya duka. Meli inaondoka tarehe 22 Aprili, siku chache baada ya Pasaka. Kwa kitabu au bila kitabu nitakwenda. Nimeshaandikia ofisi tatu za kutafuta waliopotea, na kila mahali nimeandika: yu hai, alijua kuandika, ana uso wa bibi yake.

Sikutakii mabaya. Uko katika hali ya kutotakiwa mabaya.

Hirsh


Massachusetts, 16 Machi 1952

Mjomba,

Nimejifungua Alhamisi, siku mbili baada ya sikukuu ya Purimu. Ni msichana. Mzima, mweusi wa nywele, ana mapafu ya Yankev.

Milton aliitwa kusoma Torati sinagogini jana, Sabato, akamtaja jina mbele ya watu wote.

Anaitwa Pesha.

Gitel


Cleveland, 19 Machi 1952

Gitel,

Nimeisoma nimesimama kaunta, na foleni ya watu mbele yangu.

Wewe si mjinga, wala hukutoka Salonika. Unajua nilichokukataza na kwa nini. Kwa hiyo kuna mstari wa tatu.

Niandikie mstari huo unavyosema. Neno kwa neno. Usinipambie.

Hirsh


Massachusetts, 21 Machi 1952

Mjomba wangu,

Uko chini ya ule wa Pesha. Ni mwandiko wa mtu mzima, kwa penseli, umefifia, nilihitaji kioo cha kukuzia. Umeandikwa hivi:

"Pesha binti wa Hirsh, 25 Shvati 703. Homa. Tumemlaza karibu na mama yake. Nimeandika mimi, jirani, kwa kuwa hakuna mwingine."

Jirani hakuandika jina lake. Baada ya hapo karatasi ni nyeupe.

Zilikuwa siku ishirini na tatu baada ya mama yake.

Sasa nikwambie nilichofanya, kisha unifanye utakavyo. Niliuona mstari huo dakika ileile nilipoiona ile miwili. Nilitoka nje ya zizi nikasimama kwenye theluji bila koti hadi Bi Lowenstamm akanivuta ndani. Kitabu sikukiingiza daftarini. Nilikificha kwenye droo yangu chini ya kadi, kwa sababu kingeingia daftarini kingekuwa kweli. Wiki tatu nzima niliandika barua na kuchana. Mwisho nikasema nitakuandikia barua mbili: ya kwanza ikupe siku ya Dvoyre, ikutayarishe, ya pili ikupe ya Pesha. Nilidhani nakufanyia huruma. Ikaja barua yako yenye unga.

Mjomba, sijawahi kukusikia ukicheka hivyo. Hata nikiwa mtoto. Niliisoma nikaona ulivyogawa mikate, nikashindwa. Kila wiki niliyokaa kimya, wiki iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Ulipouza duka nikajua nimekuua kwa mikono yangu. Nilikaa na karatasi usiku wa kuamkia uchungu na sikuweza kuandika sentensi ile. Nilichoweza ni jina. Milton alinionya: atakuelewa, na itamuuma zaidi. Nikamwambia mjomba hataniruhusu nimsemee mtoto wake amekufa, lakini labda ataniruhusu nimpe mtu wa kulibeba jina lake. Nilikosea hapo pia, nadhani.

Ulichouliza kuhusu macho. Mstari wake haukunyooka. Umeanzia chini ukapanda juu hadi kona ya karatasi, na herufi ni kubwa kubwa, kama za mtu aliyeinamia karatasi kwa karibu sana. Hakupona, Mjomba. Lakini hakukosea hata herufi moja.

Bi Lowenstamm anajua yote sasa. Hakunifukuza. Kitabu kiko mezani kwake, anasubiri neno lako.

Usiende Ujerumani.

Gitel


Cleveland, 30 Machi 1952

Gitel,

Sina hasira nawe leo. Kesho sijui. Ikirudi nitakuandikia, tutagombana kama watu.

Safari ya meli nimeifuta. Karatasi ya duka Yankev ameichana mbele yangu, akanipa aproni.

Nitakueleza jambo ambalo sikumwambia mama yako hadi tukamzika. Mwaka thelathini na nane tulikwenda watatu kwa daktari wa ubalozi. Mimi nikapita, Dvoyre akapita, Pesha akakataliwa kwa macho. Daktari akasema, mtibuni, miezi minne, mrudi. Dvoyre akasema, tusubiri miezi minne, tuende pamoja. Mimi nikasema, nikisubiri viza yangu itaisha, tutakosa wote. Nitangulie, nitawaita. Labda ingeisha. Labda isingeisha. Sikwenda hata kuuliza, Gitel, nilikuwa na haraka, nilikuwa naona vumbi la Amerika kwenye viatu vyangu tayari. Ndiyo sababu nilitaka mstari uwe umenyooka.

Tarehe 25 Shvati mwaka huu nimeihesabu. Ilikuwa ile Alhamisi niliyokwenda kupigwa picha ya pasipoti. Mpiga picha alinikanya, mzee, usicheke sana, haifai kwenye pasipoti.

Kitabu usinitumie. Kingekaa hapa na mimi, na mimi sina wa kumwachia. Kigongeni mhuri, kiwekeni kwenye rafu, wanafunzi wenu wakisome, hao ambao hamwaulizi dini. Ila ile lebo ya kwamba mwenyewe hajulikani msiibandike. Najulikana. Niko Cleveland, naoka mikate. Mwambie huyo mwanamke wa Breslau aandike hivyo, kwa wino.

Mtoto nitakuja kumwona baada ya Pasaka. Nimpakate, nimtazame macho. Jina lake sitaweza kulitamka mwaka huu. Nitamwita "mtoto," wewe usinisahihishe na Milton asinisahihishe. Ulikosea au hukukosea, mimi si rabi. Mtu yeyote akilitaja nisikie, nitageuka, na nitageuka kwa ajili ya mabinti wawili. Utanizoea.

Barua yako ilifika Jumatatu saa nne, mikate ya pili iko tanurini. Nimekwenda kwa rabi na aproni yangu nikamuuliza, nikae matanga siku saba? Akasema hapana. Sheria ni kwamba habari ya msiba ikimfikia mtu baada ya siku thelathini, hakai siku saba. Anakaa saa moja. Nikamwambia, Rabi, ni mtoto. Akasema, najua, Hirsh, saa moja. Nikamwambia, Rabi, ni miaka tisa sijakaa. Akasema, ndiyo maana ni saa moja.

Nimerudi dukani, nimechana kola ya shati, nimevua viatu kama ilivyo desturi ya mfiwa, nimekaa juu ya kreti ya chachu iliyopinduliwa. Yankev amefunga mlango, watu wakigonga anawaambia kwa dirisha, msiba. Akaja akakaa chini sakafuni kando yangu, na tumbo lake lile. Mikate ikaungua, tukaisikia harufu, hakuna aliyesimama. Nilijaribu kumwona Pesha, na kila nikijaribu ana miaka sita tu. Ile mitano mingine sina. Nikajaribu kuona mkono unaoandika, nao sikuuona.

Kisha Yankev akatazama saa ukutani. Akasema, "Hirsh, imetimia."

Nikamwambia najua.

Akasema, "Vaa viatu basi."

Nikavaa kimoja. Cha pili nilikishika mkononi nisijue kinakwenda wapi. Yankev akakichukua, akapiga magoti, akanivalisha yeye, akafunga kamba mara mbili.

Mjomba wako,

Hirsh